Usimnunue Lochi kwa Ajili ya Konokono

Anayepanda mimea ndani ya tangi la samaki hupata konokono hata kama hakuwataka. Mayai yao huja yamenata chini ya majani, na baada ya wiki chache vioo vimejaa vigamba vidogo vya kahawia. Akilalamika dukani, huenda akashauriwa achukue lochi, wasafishe. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umeacha mambo mengi.

Lochi ni samaki wa chini wenye sharubu mdomoni, wa spishi nyingi sana, karibu zote za Asia na Ulaya. Afrika ina wachache mno. Mmoja wao anaishi Ethiopia, na alielezwa kisayansi na mtaalamu wa wanyama Boulenger mwaka 1902. Anayependwa kuliko wote katika matangi ni Chromobotia macracanthus, mwenye mwili wa rangi ya chungwa na mikanda mitatu mipana myeusi, wa mito ya Sumatra na Borneo. Ni kweli hula konokono: humfyonza kutoka gambani, kisha humsaga kwa meno yaliyo kooni. Akishughulika na chakula hutoa mlio wa kudonoa unaosikika hata nje ya kioo.

Shida ni kwamba dukani ana urefu wa sentimita 5 hivi, na akikua anaweza kufika 30. Huishi zaidi ya miaka 20. Tena si samaki wa kukaa peke yake. Makundi ya lochi hawa hupangana nani mkubwa na nani mdogo, hulala wakiwa wamebanana kwenye pango moja, na aliyetengwa hujificha na kukataa kula. Watano au sita ndio mwanzo. Piga hesabu ya samaki sita wenye urefu wa rula ya shule ndani ya tangi la lita 100, utaona kwamba konokono walikuwa tatizo dogo.

Hata mimea haisalimiki. Wakubwa hufukua mizizi na kutoboa majani laini. Inayostahimili ni ile yenye majani magumu, kama Anubias, mmea wa vijito vya Afrika ya Magharibi na ya Kati, ambao hufungwa kwa uzi juu ya gogo au jiwe. Ukizika shina lake mchangani, huoza.

Mwenye tangi la kawaida ana chaguo bora zaidi. Ambastaia sidthimunki wa Thailand hukua kufikia sentimita 6 tu, na huogelea katikati ya maji mchana kweupe, jambo ambalo lochi wengi hawalifanyi. Botia striata wa India ni mkubwa kidogo na mlaji mzuri wa konokono. Wale wembamba wa jamii ya Pangio, wanaojinyonganyonga kama minyoo, hawafai sana kwa konokono, lakini kwa maoni yangu ndio wanaopendeza zaidi kati ya mimea. Huvuta mchanga mdomoni, huchagua kilicho chakula, kisha huutoa kupitia matamvua. Kwa hiyo sakafu iwe ya mchanga laini, maana changarawe yenye ncha huchubua sharubu na kuleta vidonda. Walishwe taa zikishazimwa.

Chini ya jicho, lochi wengi wana mwiba unaochomoza na kujifunga wanaposhtuka. Hunasa kwenye wavu na kutoboa mfuko wa plastiki, hivyo ni salama zaidi kuwahamisha kwa kopo.

Magamba yao ni madogo mno au yamezama ngozini, na ugonjwa wa madoa meupe huwapata upesi. Kimelea wake hula chini ya ngozi, hudondoka, hujigawa mara nyingi ndani ya kifuko, kisha watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa humuua katika hatua hiyo ya kuogelea tu, na ndiyo maana kutibu siku moja na kuacha ni kupoteza dawa. Joto huharakisha mzunguko huo. Maji ya pwani, Mombasa au Dar es Salaam, kwa kawaida yana joto la kuwatosha lochi wa Sumatra bila msaada; Nairobi utahitaji hita. Mgeni yeyote akae tangi la pembeni wiki kadhaa kwanza, na dawa zenye shaba zitumiwe kwa tahadhari kubwa, kwani huwaumiza lochi haraka.

Ama konokono wenyewe, hustawi kwa sababu chakula cha samaki kinabaki. Punguza unachomwaga. Kisha zamisha kipande cha tango usiku, na asubuhi ukitoe pamoja na waliokipanda.