Etajeri ya mbao kwa mashini za mtandao nyumbani



Katika nyumba nyingi hapa Gety modemu inaning'inia kwenye msumari, ruta iko juu ya redio, batri iko chini ya kitanda, na nyaya zinapita njia ya watoto na ya panya. Vitu hivyo tumevinunua kwa pesa ya likelemba, franga kwa franga. Ndivyo vinavyotuletea habari ya ndugu walio Bunia na walio ng'ambo ya Ziwa Albert, kule Kyangwali. Wiki hii tuongee juu ya pahali pa kuviweka.

Kwa nini mbao? Wifi inapita kwenye mbao bila shida kubwa, lakini chuma na bati vinaizuia. Mti wa mikaliptusi tunao karibu, ila ukiwa mbichi unajipinda na kupasuka. Mbao zikauke kwanza kivulini, zikiwa zimepangwa juu ya vijiti ili upepo upite.

Vipimo ni hivi: nguzo 4 za sentimita 90, na madaraja 3 yenye kina cha sentimita 40. Kati ya nguzo ya kushoto na ya kulia acheni sentimita 45. Mashini kubwa za mtandao, duniani kote, zinatengenezwa na uso wa upana wa sentimita 48,26, na mwili wake unapita katika nafasi hiyo ya 45. Siku chama au shule ikipata mashini ya namna hiyo, etajeri yetu itaipokea.

Daraja lisiwe ubao mmoja mzima. Pigeni fito, mkiacha nafasi ya kidole kati yake, kwa sababu ruta inapata moto na moto unapanda juu. Etajeri ikae mbali na ukuta kwa upana wa mkono. Miguu yake isimame ndani ya mikebe yenye mafuta machafu ya mashini, mchwa wasipande.

Batri inakaa daraja la chini, kwa kuwa ni nzito. Batri ya asidi ikishajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka. Kwa hiyo msiifungie ndani ya kabati, msiiweke chumba cha mbabula, wala pale watoto wanapolala. Daraja la kati ni la regulata na konvertisa. Juu kabisa ni modemu na ruta, karibu na dirisha, lakini mvua isizifikie.

Tuhesabu pia umeme. Ruta ya wati 10 ikiwaka saa 24 inakula 240. Batri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina 600, lakini ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, basi tunabaki na 300. Telefone moja inakula karibu 15. Telefone nne ni 60. Hapo 300 zimekwisha. Mtoto wa jirani akileta telefone ya tano siku ya mawingu, tumwambie ukweli kwa upole. Na ngurumo zikianza, chomoeni nyaya zinazotoka juu ya nyumba.

Sasa jambo kubwa. Mapatano ya amani kati ya serikali na FRPI yalitiwa sahihi hapa hapa Gety, tarehe 28/02/2020, lakini kila mama hapa anajua maana ya kufunga mizigo usiku. Kwa hiyo madaraja yasipigwe misumari kwenye nguzo. Tumieni bolti 12 za milimita 8, nne kwa kila daraja, na ufunguo namba 13 ufungwe kwa kamba kwenye nguzo. Modemu na ruta zikae ndani ya kisanduku chenye mshikio, kinachobebwa kwa mkono mmoja. Mbao zitabaki, nguvu ya kuwaita watu wetu itakwenda nasi.

Wenzetu wa Gulu, Uganda, walipitia njia hiyo. Kuanzia mwaka 2007, mradi wa BOSCO wa Jimbo Kuu Katoliki la Gulu ulipeleka kompyuta za umeme wa jua na mtandao usio na nyaya katika kambi za waliohama vita. Na kuna programu ya bure, Kiwix, inayowawezesha watoto kusoma Wikipedia ya Kifaransa bila megabaiti, ikishapakuliwa mara moja.

Kabla ya mkutano ujao, kila nyumba ipime pembe yake, ihesabu wati zake, na ilete vipimo kwenye karatasi. Tukinunua mbao na bolti pamoja, bei itashuka, na fundi atapasua zote siku moja.