Gati Asilolikumbuka Babu

Babu yangu akiketi barazani hapa Kabwe hutazama ziwani na kuniuliza, "Mjukuu wangu, lile gati wamelijenga lini?" Namjibu. Chai haijaisha, ananiuliza tena. Lakini mguse habari za meli ya Liemba! Atakueleza ilivyotia nanga mbali na ufuko, honi ikalia usiku wa manane, mitumbwi ikasukumana kuufikia mlango wake, watu wakapandishwa wao na magunia yao. Waliopiga makasia anawataja mmoja mmoja.

Majirani wanasema mzee anachagua ya kukumbuka. Mimi nafundisha baiolojia, na sikubaliani nao.

Ndani ya ubongo, kwenye usawa wa masikio, kila upande una mkunjo mdogo uitwao hipokampasi. Kazi yake ilijulikana kwa hasara ya mtu mmoja. Mwaka 1953 huko Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa, akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Kifafa kilipungua, ila hadi anafariki mwaka 2008 Molaison hakuweza tena kuweka tukio jipya kichwani. Mtafiti Brenda Milner alimpima miaka na miaka, na kila walipokutana alikuwa mgeni kwake. Mambo ya utotoni, hata hivyo, Molaison aliyasimulia.

Kwa hiyo kumbukumbu haikai mahali pamoja maisha yote. Ikiwa changa inaitegemea hipokampasi. Kadiri siku zinavyopita inajikita kwenye gamba la ubongo, lile tabaka la juu. Habari mpya ni dagaa mbichi: asipoanikwa, kesho hafai. Kuanika kwenyewe, kwa sehemu kubwa, hufanyika tukiwa tumelala. Ugonjwa wa Alzheimer nao huanza kula maeneo haya haya ya hipokampasi na jirani zake, ndiyo maana mgonjwa hupoteza ya jana kabla ya yale ya ujana.

Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walinasa mawimbi ya umeme kwenye hipokampasi za panya. Seli zilizowaka pamoja panya akitembea ziliwaka pamoja tena alipolala. Ubongo ulikuwa unarudia safari ya mchana, na tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba huirudia kwa kasi kubwa, ndani ya vishindo vifupi vya umeme visivyofika hata nusu sekunde. Inaaminika kila marudio yanakaza viungo kati ya seli za gamba. Mwaka 2009 watafiti wa Paris walivivuruga vishindo hivyo panya wakiwa wamelala, wakawaachia usingizi wao. Panya hao walijifunza njia vibaya kuliko wenzao.

Wataalamu bado wanabishana. Lynn Nadel na Morris Moscovitch walidai mwaka 1997 kwamba tukio lenye rangi na sauti zake zote halijitengi kamwe na hipokampasi. Kinachobaki kwenye gamba ni kiini tu. Nikimsikiliza Babu naelekea upande wao. Kisa cha Liemba hukisimulia kwa maneno yale yale, akicheka pale pale. Ukimkatiza kwa swali la pembeni, mvua ilikuwa inanyesha au la, ananyamaza, kisha anaanza upya.

Darasani kwangu tatizo ni jingine. Wapo vijana wanaoingia ziwani na baba zao kuvua dagaa kwa taa, wanarudi alfajiri, wanapitiliza shuleni. Nilichowafundisha jana hakikupata usiku wa kujikaza. Mbalamwezi ikitoka taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika, nao wanalala kwao. Topiki ngumu nazipangia siku hizo. Giza likirudi, tunafanya marudio.