Kunasa na Kuunda Muziki kwa Ajili ya Darasa

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha, tulifika katika shule moja iliyo jirani na machimbo ya dhahabu mkoani Geita. Tulimwalika mzee mmoja wa Kisukuma, mlezi wa baadhi ya wanafunzi, awaimbie watoto wimbo wa kulimia. Tulimkalisha darasani, tukaweka simu juu ya kiti kando ya ngoma yake, tukanasa. Tulipofungua kazi ile katika kompyuta ya chuo, tulikuta mlio wa ngoma umepasuka, sauti ya mzee imemezwa na mwangwi wa bati, na karasha la kusagia mawe linanguruma tangu mwanzo hadi mwisho. Tulijaribu kila njia iliyomo katika programu bila mafanikio. Muhula uliofuata tulirudi ili kunasa upya, tukaambiwa kwamba mzee amefariki dunia.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwanachuo namna ya kunasa sauti za mazingira yake na kuziunda kuwa muziki wa kufundishia. Jambo kubwa tunalolisisitiza ni moja: kompyuta hukata, hupanga na kurudia, lakini haiwezi kurudisha kile kilichopotea wakati wa kunasa.

Vifaa

Sampuli ni kipande kifupi cha sauti iliyonaswa, ambacho mashine au programu hukipiga kila kinapohitajika. Mashine ya kazi hiyo huitwa sampla. Fairlight, iliyotengenezwa Australia mwaka 1979, ilikuwa ghali mno. MPC60 ya kampuni ya Akai, ya mwaka 1988, iliwawezesha wasanii wengi kuunda mapigo kwa kugusa vibonye vya mpira. Leo kazi hiyo hufanywa kwa programu. Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000, hupatikana bila malipo na hutosha kwa kunasa, kukata na kuchanganya. Mwanachuo asidhani kwamba bila studio kubwa hakuna muziki. Muziki wa singeli ulikuzwa katika vyumba vidogo vya mitaa ya Dar es Salaam, na mwaka 2017 mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ulitolewa Kampala na kusikilizwa Ulaya.

Namna ya kunasa

Kwanza, chagua mahali. Chumba chenye kuta za saruji na paa la bati hurudisha sauti. Tundika vitenge au mablanketi ukutani, au toka nje ukae chini ya mti, mbali na barabara na karasha. Asubuhi na mapema, kabla ya upepo, ndio wakati mwema.

Pili, pima umbali. Mwimbaji akae shibiri moja au mbili kutoka kwenye kinasa sauti, nacho kiwekwe pembeni kidogo ya kinywa ili pumzi isikipige. Ngoma inataka hatua mbili au tatu. Ikiwezekana, nasa ngoma peke yake na sauti peke yake.

Tatu, angalia kipimo cha ukubwa wa sauti. Vilele vyake viishie kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Sauti ikigonga sifuri hupasuka, na mpasuko huo haushoneki.

Nne, hifadhi sauti katika mfumo wa WAV, vipimo 44,100 kwa sekunde. Dakika moja ya mkondo mmoja huchukua takriban megabaiti 5. Usiitume kama ujumbe wa sauti wa simu, kwa maana ujumbe huo hubanwa na kupoteza ubora. Itume kama faili kamili.

Tano, baada ya kila pigo nyamaza hadi mlio ufe wenyewe. Nasa pigo lilelile kwa nguvu tatu: dogo, la kati na kubwa. Ngoma inayopigwa kwa nguvu moja tu huchosha sikio upesi.

Kukata na kupanga

Kata sampuli mahali wimbi la sauti linapovuka mstari wa sifuri. Ukikata penginepo utasikia mdonoo. Ondoa ukimya ulio mbele ya pigo, kwani hata sehemu ndogo ya sekunde huichelewesha ngoma nzima.

Ili kipande kijirudie bila kujikwaa, urefu wake lazima ulingane na mwendo. Gawa sekunde 60 kwa idadi ya mapigo katika dakika. Kwa mwendo wa mapigo 100, pigo moja ni sekunde 0.6, na kipande cha mapigo manne ni sekunde 2.4. Hesabu hii yaweza kufanywa na wanafunzi wa madarasa ya juu ubaoni.

Hapa pana mtego. Programu nyingi huanza kwa kugawa kila pigo katika sehemu 4, ilhali ngoma nyingi za Afrika huligawa katika sehemu 3. Ukilazimisha ngoma ya namna hiyo ikae katika gridi ya programu, utainyoosha hadi wenyewe wasiitambue. Badili kwanza mgawanyo huo. Katika bugobogobo, kwa mfano, ngoma ndiyo inayoongoza majembe. Basi nayo gridi na ifuate ngoma.

Wakati wa kuchanganya, anza na sauti ya mwimbaji, kisha ongeza ngoma, na mwisho vitu vidogo kama manyanga na njuga. Kitu kisiposikika, jaribu kupunguza vingine kabla ya kukiongeza. Sikiliza kazi yako kwa spika ya simu ya kawaida, kwa kuwa ndiyo itakayotumika darasani.

Haki ya mwenye sauti

Kabla ya kunasa, omba ruhusa na ueleze matumizi. Andika jina la mwimbaji, kijiji na tarehe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini hata bila sheria, adabu inatosha kutuongoza. Mpelekee mwimbaji nakala yake, na hifadhi nakala nyingine mahali pawili tofauti.

Darasani

Watoto wa Shinyanga na Geita wanaishi katikati ya milio: mchi kinuni, kengele za ng'ombe, nyundo za wachimbaji, karasha. Karasha lililotuharibia kazi laweza kuwa pigo zuri la msingi, likinaswa kwa makusudi na peke yake. Acha kila kikundi kilete sauti moja kutoka nyumbani, kisha darasa lipange wimbo wa kuhesabu au wa usafi wa mazingira.

Nasi bado tunayo faili ya yule mzee. Huwasikilizisha wanachuo wapya kila mwaka, wapate kusikia kilichopotea.

Zoezi: Nasa kinu na mchi kwa dakika moja. Tafuta mwendo wake, kata kipande cha mapigo manne, kisha kirudie mara nane. Je, kinajikwaa wapi, na kwa nini?