Bima ya Afya: Fedha ni ya Nani?

Suala la bima likiulizwa misikitini, wengi hujibu kwa neno moja: haramu. Jibu hilo lina asili. Ibn Abidin, mwanachuoni wa Kihanafi wa Damascus (aliyefariki 1252 H/1836), aliandika juu ya bima ya vyombo vya baharini wala hakuiruhusu. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqh, iliyokutana Jeddah Desemba 1985, nayo ilikataza bima ya kibiashara kwa sababu ya gharar kubwa iliyomo. Lakini azimio hilo hilo liliruhusu bima ya ushirikiano, iliyojengwa juu ya tabarru na kusaidiana. Nusu hii ndiyo isahauliwayo.

Tumtazame mkulima wa Kisaka, wilayani Serengeti. Fedha huipata baada ya mavuno, na maradhi hayangoji mavuno. Mgonjwa akipelekwa Mugumu, kisha Musoma, pengine hadi Bugando kule Mwanza, ng'ombe huuzwa. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1995 na kuwekewa sheria mwaka 2001, uliwalenga watu kama yeye: kaya ichangie, Serikali iongezee, "tele kwa tele". Ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango ulikuwa Sh. 30,000 kwa kaya ya watu sita, na tiba iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. (Bugando, basi, ilibaki nje.)

Humo hamna mwenye hisa anayegawana faida. Jambo hili liko karibu zaidi na desturi ya Ash'ariyyun, ambao Mtume (S.A.W.) aliwasifu kwa kukusanya chakula chao kilichobaki na kugawana sawasawa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeleta mas'ala mapya, kwani kujiunga ni lazima. Muislamu hachagui mkataba. Wa kuulizwa ni wasimamizi. Akiba wanaiweka wapi? Fedha za mifuko ya umma huwekezwa pia katika hati fungani na amana za benki zenye riba. Ubishi wetu uelekee huko, si kwa mama anayeonyesha kadi dirishani. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ilitoa mwongozo wa takaful mwaka 2022, na sukuk zimekwisha kuuzwa nchini, kwa hiyo njia ipo.

Na fukara asiye na mchango? Zaka yafaa kumsaidia, ila kwa madhehebu ya Shafii sharti amilikishwe. Zaka ya nafaka hutoka wakati wa mavuno: apewe nafaka yenyewe, auze, alipe kwa mkono wake.