Kifaa cha ‘bila waya’ chenye waya za stima

Msomaji mmoja wa Diani anayesimamia nyumba za kupangisha wageni amenitumia kurasa mbili. Ya kwanza ni maelezo ya Kiingereza yaliyokuja na kidhibiti joto kipya, kile kinachobandikwa ukutani na kuwasha au kuzima mtambo ulio mbali nacho kwa mawimbi ya redio. Anataka kukiongeza kwenye matangi yake ya zamani ya maji moto. Ya pili ni tafsiri ya Kiswahili aliyoiagiza kwa ajili ya fundi wake wa Ukunda na watunza nyumba. Swali lake ni fupi: “Mwalimu, Kiswahili hiki ni sawa?”

Sarufi yake ni sawa. Upatanisho wa ngeli haukukosewa, tahajia ni safi, na mtahini wa Insha angeitunuku alama za juu. Hata hivyo, anayeifuata karatasi hiyo neno kwa neno atamwacha mgeni aoge maji baridi, bili ya stima itapanda bure, na fundi anaweza kupigwa na umeme. Tatizo liko katika maneno manne tu: joto, waya, funga na saa. Hebu tuyatazame moja moja.

Tuanze na joto. Kichwa cha tafsiri kinasema: “Jinsi ya kuongeza kidhibiti kisichotumia waya kwenye mfumo mkongwe wa kupasha nyumba joto.” Sasa, nani Msambweni anapasha nyumba joto? Kazi hiyo jua huifanya bila malipo, na ukifika mwezi wa Machi hata hatuitaki. Maelezo haya yaliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kule, boila hukanza maji, maji yakazungushwa kwenye mabomba na vyuma vilivyo ukutani, na vyuma vikatoa joto chumbani. Kidhibiti hupima hewa ya chumba. Hewa ikifika, tuseme, nyuzi 21, boila huambiwa ipumzike. Ikishuka, huambiwa iwake.

Chukua kifaa hicho ukibandike ukutani Diani. Hewa ya chumbani huku hukaa juu ya nyuzi 21 takriban mwaka mzima. Kifaa kitapima, kitaona joto lipo, kitanyamaza. Tangi halitawaka kamwe. Wala kifaa hakijaharibika; kinatii maelezo yake. Tunachotaka kidhibitiwe hapa ni maji yaliyo ndani ya tangi, na kwa hiyo lazima kiwe ni kifaa chenye kihisi kinachogusa tangi lenyewe, wala si kile kinachopima hewa tu.

Neno la Kiingereza halisaidii kuiona tofauti hii. ‘Thermostat’ ni jina alilolitumia mkemia wa Uskoti Andrew Ure mwaka 1830, akiliunda kwa Kigiriki: ‘thermos’, yaani chenye moto, na ‘statos’, kilichosimama. Yaani kisimamisha joto. (Nusu ya kwanza tunayo jikoni siku nyingi, kwenye chupa ya chai tunayoiita themosi.) Mwaka 1883 mwalimu mmoja wa Wisconsin, Marekani, Warren Johnson, alipata hataza ya kidhibiti cha umeme cha kutumika madarasani. Tangu hapo watu wa nchi za baridi wakisikia jina hilo hufikiria joto la chumba, maana hilo ndilo wanalolihitaji. Jina halisemi ni joto la nini, na tafsiri ya ‘kidhibiti joto’ imeurithi ukimya huo.

Kumbe Kiswahili, na hasa cha Pwani, hakipendi ukimya huo. Kiporo hupashwa. Chai huchemshwa. Mtu aliyeona baridi huota moto. Na maji ya kuoga? Hayo hukanzwa. Kitenzi ‘kanza’ wengi wa bara hawakijui, lakini ndicho hasa tunachokihitaji hapa: kukitia kitu moto kipate joto, bila kulazimu kichemke. Kutoka hapo twapata ‘kikanza maji’, jina ambalo mtunza nyumba atalielewa bila kamusi. Na kifaa kipya tukiite ‘kidhibiti joto la maji’. Maneno mawili ya ziada, ‘la maji’, yatamfanya mnunuzi aulize dukani swali linalofaa kabla hajatoa pesa.

Neno la pili ni waya. Karatasi inasema kifaa hiki ‘hakina waya’. Hii si kweli, na hapa ndipo hatari ilipo. Kifaa kina sehemu mbili. Ile ya ukutani, yenye namba na betri, kweli haina waya. Lakini sehemu ya pili, yaani kipokezi, hukaa karibu na tangi na huunganishwa na stima ya volti 240. Hiyo ina waya, tena zenye kuua.

Vilevile kuna mzigo. Kikanza maji cha wati 3,000 kwenye volti 240 huvuta ampea 12.5. Kipokezi kilichoundwa kuiambia boila ya gesi iwake si lazima kiwe kimeundwa kubeba mkondo mkubwa hivyo. Kikibebeshwa kupita uwezo wake, huchemka, huyeyuka, na kinaweza kuwasha moto. Ndiyo maana fundi mzuri husoma kwanza kiwango kilichoandikwa kwenye kipokezi, na kikiwa kidogo huweka kontakta inayoubeba mkondo huo, kipokezi kikabaki na kazi ya kutoa amri tu. Wala haiondoi themostati ya zamani iliyo ndani ya tangi, pamoja na kikatio chake cha usalama. Hizo hubaki kuwa walinzi wa mwisho, maji yasifike kutokota siku ambayo kifaa kipya kitakosea.

Mambo hayo yote yamefichwa na kauli ‘bila waya’. Na si Kiswahili pekee. Kiingereza kinasema ‘wireless’, Kiarabu kinasema ‘lasilki’, Kiajemi kinasema ‘bisim’, na zote hizo zinakutajia kile kisichokuwepo. Hapa pana jambo la kufurahisha. Hiyo ‘sim’ ya Kiajemi, yenye maana ya fedha na pia waya, ndiyo wataalamu wanayoitaja kuwa asili ya ‘simu’ yetu. Waya ya telegrafu ilipofika Zanzibar kupitia baharini mwaka 1879, ‘simu’ ilikuwa waya kweli kweli. Baadaye zilipokuja habari zisizopita kwenye waya, wazee wetu hawakusema ‘simu isiyo na simu’. Walisema ‘simu ya upepo’. Walitaja njia inayopita habari, badala ya kutaja kilichokosekana.

Sisemi turudie ‘upepo’ kwenye karatasi ya fundi, ingawa mimi nalipenda. Nasema tuifuate mantiki ile. Kinachokwenda bila waya ni amri. Stima inabaki kwenye waya. Basi tuandike hivyo: ‘kidhibiti kinachotuma amri kwa mawimbi ya redio’. Jina hili lina faida nyingine. Fundi akikumbushwa kuwa ni redio, atakumbuka pia kwamba mawimbi huchoka yakipita kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe, na chuma cha tangi huyazuia. Hataweka kipokezi nyuma ya tangi kisha alaumu betri.

Neno la tatu ndilo linalonitia hofu kuliko yote: funga. Sentensi ya nne ya tafsiri inasema, “Funga swichi kuu, kisha funga kipokezi.” Mwandishi alimaanisha: zima stima, halafu weka kipokezi. Lakini tuhesabu maana za ‘funga’ kwa watu watatu. Mtunza nyumba akisikia ‘funga mfereji’, anajua maji yakome. Fundi akisema ‘nimefunga sola’, ana maana ameiweka na sasa inafanya kazi. Naye kijana aliyesoma fizikia amefundishwa kwamba sakiti ikifungwa ndipo umeme unapopita, na ikifunguliwa ndipo unapokatika. Kwa huyo, ‘funga swichi’ maana yake ni washa. Kitenzi kimoja, maana mbili zinazopingana, na mkono wa mtu uko kwenye waya.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye mambo ya umeme, ‘funga’ na ‘fungua’ zisitumike kabisa. Tuna ‘zima’ na ‘washa’ kwa swichi, ‘kata’ kwa stima, ‘unganisha’ na ‘tenganisha’ kwa waya, na ‘weka’ au ‘pachika’ kwa kifaa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayobeba maana mbili kinzani.

Neno la nne ni saa. Karatasi ya Kiingereza inapendekeza tangi liwake 4:30 jioni. Mtafsiri ameandika ‘saa 4.30’. Mtunza nyumba akisoma ‘saa nne na nusu’, anafikiria asubuhi, chai imekwisha nyweka. Ataingiza 10:30 kwenye kifaa na atakuwa amefanya kama alivyoelezwa. Matokeo yake ni hasara, hasa pale ambapo tangi limeunganishwa na sola. Kanuni za serikali za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yawe na mitambo ya jua inayotosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa mwaka, na Diani hutembei mbali kabla ya kuona sola juu ya paa. Penye jua, stima hutakiwa kungoja hadi jua limalize kazi yake. Ikiwaka saa nne na nusu asubuhi, unalipia joto ambalo ungelipata bure. Kwa hiyo saa ziandikwe kwa njia zote mbili: ‘saa kumi na nusu jioni (16:30 kwenye kifaa)’.

Najua wapo watakaosema: mafundi wote wanasema ‘wireless’, ‘receiver’ na ‘heater’; Kiswahili chako cha nini? Jibu langu ni kwamba sina ugomvi na nomino za mkopo. Rimoti, swichi, betri, fyuzi na hita zimeshavaa kanzu na kukaa barazani, hazidhuru mtu. Mtu hudhurika kwa kitenzi kisicho wazi. Tena tukumbuke tunamwandikia nani. Kutoka Diani hadi Vanga, wengi lugha yao ya kwanza ni Chidigo, na wapo wanaosema Kivumba au Kichifundi nyumbani. Kiswahili Sanifu wanakijua vizuri, lakini karatasi ya mafundi inapaswa kueleweka kwa kusomwa mara moja, mtu akiwa juu ya ngazi, tochi mdomoni.

Basi badala ya karatasi ile, napendekeza hii:

“Kifaa hiki hudhibiti joto la maji ndani ya tangi. Kina sehemu mbili. Sehemu ya ukutani hutumia betri na hutuma amri kwa mawimbi ya redio. Kipokezi kina stima ya volti 240, hatari.

Zima swichi kuu. Hakikisha kwa tesita kwamba stima imekatika. Soma ampea zilizoandikwa kwenye kipokezi. Zikiwa chache kuliko zinazovutwa na kikanza maji, tumia kontakta. Usiondoe themostati ya zamani wala kikatio cha usalama.

Weka kihisi kiguse tangi, chini ya blanketi lake. Weka kiwango cha nyuzi 60. Kila siku washa tangi saa kumi na nusu jioni (16:30 kwenye kifaa).

Maji ya nyuzi 60 hubabua ngozi kwa sekunde chache. Changanya na maji baridi kabla ya kuoga, na usimwache mtoto peke yake.”

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nyuzi 60 na si 40, maadamu maji yanaunguza. Ni kwamba bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, huzaliana kwenye maji vuguvugu, takriban nyuzi 20 hadi 45. Tangi lihifadhi maji ya moto, na upoozaji ufanyike bafuni. Hapo napo lugha inahusika: mtu akiandika ‘weka maji yawe vuguvugu’ kwa kumhurumia mgeni, amewatengenezea bakteria makao.

Kwa wanaotafsiri maelezo ya vifaa, na siku hizi ni wengi, nina ombi moja. Ukimaliza kazi yako, usimpe mwalimu wa lugha aikague kwanza. Mpe fundi aisome kwa sauti, na kila sentensi umuulize: “Hapa mkono wako utafanya nini?” Akijibu mambo mawili, sentensi hiyo bado haijatafsiriwa.