Kofia Iliyowaokoa Matarishi wa Jeshi

Siku ya Jumatatu, tarehe 13 Mei, 1935, kabla ya saa sita mchana, mtu mmoja wa makamo alikuwa akirudi nyumbani kwake Clouds Hill, katika jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Alipanda piki-piki kubwa aina ya Brough Superior, naye alitoka katika kambi ya jeshi ya Bovington alikokwenda kupeleka simu ya maandishi. Barabara ile ilikuwa na mabonde madogo madogo, na ndani ya bonde mojawapo walikuwamo wavulana wawili juu ya baiskeli. Alipowaona alikuwa amekwisha kuwakaribia mno. Akapinda ili asiwaponde, piki-piki ikamshinda, akarushwa mbele juu ya usukani na kuumia vibaya kichwani. Hakuwa amevaa kofia ya kujikinga. Alilala hospitali siku sita bila ya kurudiwa na fahamu, akafa tarehe 19, na umri wake ulikuwa miaka 46.

Mtu huyo alikuwa T. E. Lawrence, yule aliyepata sifa kubwa katika vita vya Waarabu na Waturuki tangu mwaka 1916 hata 1918, kisha akajibadili jina na kuandikwa askari wa cheo cha chini katika Jeshi la Anga. Wakati wa ajali alikuwa ameacha utumishi kwa miezi michache tu. Magazeti yalimlilia shujaa. Lakini miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwamo mpasuaji wa ubongo jina lake Hugh Cairns, na kwa habari hii huyo ndiye wa kuangaliwa kuliko Lawrence mwenyewe.

Cairns alizaliwa Port Pirie, Australia, mwaka 1896. Alifika Oxford kwa msaada wa masomo ulioachwa na Cecil Rhodes, akajifunza upasuaji wa ubongo huko Boston, Marekani, chini ya mwalimu mashuhuri Harvey Cushing, na mwaka 1937 akafanywa profesa wa upasuaji Oxford. Watu hupenda kusimulia kwamba alitoka kitandani pa Lawrence akaenda moja kwa moja kubuni kofia. Hadithi hiyo ni tamu, lakini sivyo mambo yalivyokuwa. Kofia ngumu zilikuwako zamani. Mwaka 1914 Daktari Eric Gardner, aliyewahudumia wanamashindano katika uwanja wa Brooklands, alitengenezesha kofia ya turubai iliyokaushwa kwa gundi, na washindani wa kisiwa cha Man wakalazimishwa kuivaa. Watu wengine wote, waliopanda piki-piki kwenda kazini au sokoni, waliiona kuwa ni vazi la wapenda mashindano, wakaendelea na kofia zao za kitambaa. Basi kofia ilikuwako. Ila hesabu ya kumshawishi mkubwa wa jeshi ndiyo iliyokosekana, na hesabu hiyo ililetwa na vita.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, jeshi lilihitaji matarishi wengi. Simu ya upepo yaweza kusikilizwa na adui, na waya wa simu hukatwa na bomu moja. Kwa hiyo barua za siri, ramani na amri zilichukuliwa na vijana wenye piki-piki, mchana na usiku, mvua na jua. Viwanda vya Norton, Matchless na BSA vilifanya kazi bila kupumzika, na piki-piki za BSA za namna moja tu, ile M20, zilitengenezwa zaidi ya 120,000. Hata wanawake wa jeshi la majini walifanya kazi hiyo ya utarishi, tena kwa ushujaa.

Wengi wa vijana hao hawakuwa wazoefu. Juu ya hayo, Serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa amri ya giza: taa za barabarani zizimwe, na taa za motokaa na piki-piki zifunikwe hata ibaki mwanga mdogo tu, ili ndege za adui zisione miji. Fikiri kijana wa miaka 19 au 20, ana barua mfukoni ambayo lazima ifike kabla ya alfajiri, mbele yake giza tupu, na lori la jeshi limeegeshwa kando ya njia bila taa.

Matokeo yalikuwa ya kuhuzunisha. Katika miezi 21 kabla ya vita, waendeshaji wa piki-piki na abiria wao waliouawa katika barabara za Uingereza walikuwa 1,884. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita walikuwa 2,279, yaani zaidi ya watu watatu kila siku. Hawa hawakuuawa na Mjerumani. Walikufa katika barabara za kwao, wengine hatua chache kutoka lango la kambi.

Wakati huo Cairns alikuwa mshauri wa jeshi katika mambo ya upasuaji wa ubongo. Mwaka 1940 chuo cha wanawake cha St Hugh's, Oxford, kiligeuzwa kuwa hospitali ya majeruhi wa kichwa, na kabla ya vita kwisha watu wapatao 13,000 walitibiwa humo. Hapo Cairns aliweza kufanya jambo ambalo daktari wa hospitali ndogo hawezi: kuwaweka majeruhi wa ajali za piki-piki pamoja katika daftari moja na kuwalinganisha. Aliona kwamba jeraha la kichwa ndilo lililoua kuliko majeraha mengine yote. Akatafuta pia wale walioanguka hali wamevaa kofia ngumu. Aliwapata saba tu, na wote saba walikuwa hai.

Karani yeyote aliyezoea hesabu atasema kwamba watu saba ni wachache mno kuthibitisha jambo. Ni kweli. Lakini Cairns hakungoja wafike mia saba. Alichapisha habari zake katika gazeti la madaktari wa Uingereza Oktoba 1941, na mwezi uliofuata, Novemba 1941, jeshi likatoa amri kwamba kila askari apandaye piki-piki akiwa kazini lazima avae kofia ngumu. Hapo ndipo inapoonekana faida ya jeshi. Askari hakuulizwa kama anaipenda kofia, wala hakutakiwa kuinunua kwa mshahara wake. Alipewa na kwatamasta, akaweka sahihi, akaambiwa avae.

Kofia yenyewe haikuwa peke yake. Tarishi alivaa pia glavu ndefu za ngozi, kwa maana mtu aangukapo hutanguliza mikono, na changarawe huchuna ngozi ya kiganja kwa nukta moja. Alivaa buti zilizopita kifundo cha mguu, kwa kuwa piki-piki ilalapo ubavu huuminya mguu chini yake. Alivaa koti zito, na miwani ya kuzuia vumbi na wadudu. Mdudu mdogo akiingia jichoni katika mwendo wa maili 40 kwa saa, mwendeshaji huwa kipofu mahali pabaya kuliko pote. Vazi la ngozi lilikuwa la joto na halikuwa rahisi kwa mtu mwenye haraka. Lakini nguo ya pamba huraruka mara tu igusapo barabara, na ngozi hustahimili msuguano.

Cairns hakuridhika na saba wake. Alishirikiana na mtaalamu wa fizikia wa Oxford, A. H. S. Holbourn, na mwaka 1943 wakatoa habari za ajali 106 za askari waliovaa kofia. Zilikuwako kofia za namna mbili: moja ya mpira mgumu, na nyingine ya rojo la mti lililoshindiliwa likakauka. Ile ya rojo, ambayo kwa macho ni dhaifu, ndiyo iliyokinga fuvu vizuri zaidi. Jambo hili liliwashangaza wengi, kwani mtu hudhani kwamba kigumu ndicho kikingacho. Kumbe kofia hufanya kazi kwa kukubali kuvunjika yenyewe. Ikibonyea au kupasuka, huchukua nguvu ya pigo, na kichwa husimama polepole kidogo badala ya kusimama ghafula.

Holbourn alitaka kujua pia mambo yanayotokea ndani ya fuvu. Alitengeneza mfano wa ubongo kwa kitu laini kama maziwa yaliyoganda, akautikisa na kuuzungusha. Mwenye ng'ombe atalielewa jambo hili upesi. Ukishika kibuyu chenye maziwa ya mgando, ukakizungusha kwa ghafula, kibuyu hutangulia na maziwa hubaki nyuma, kisha hupasuka vipande vipande, ijapokuwa kibuyu chenyewe hakina ufa. Hivyo ndivyo mtu awezavyo kufa au kupotewa na akili bila mfupa wa kichwa kuvunjika, na ndiyo sababu daktari mwenye busara hamruhusu kwenda nyumbani mara moja mtu aliyezimia, ijapokuwa hana damu.

Mwaka 1946, vita vilipokwisha, Cairns alionyesha hesabu ya vifo vya waendeshaji wa piki-piki mwezi kwa mwezi tangu 1939 hata 1945. Baada ya Novemba 1941 vifo vilipungua waziwazi. Petroli pia ilikuwa haba, hata katikati ya mwaka 1942 raia wa kawaida walinyimwa kabisa petroli ya matembezi, kwa hiyo si haki kuipa kofia sifa yote. Hata hivyo Cairns alishauri kwamba raia nao wavae, ili kuokoa maisha, siku za kazi, na vitanda vya hospitali. Raia hawakuwa na kwatamasta. Walibishana juu ya uhuru wa mtu na kichwa chake kwa miaka mingi, na sheria ya kuwalazimisha waendeshaji wote wa Uingereza ilianza kutumika mwaka 1973, miaka 32 baada ya ile amri ya jeshi. Cairns hakuiona, alikufa Oxford mwaka 1952, umri wake miaka 56.

Kofia za siku hizi zina ganda gumu nje, na ndani yake povu jepesi lililokauka, ambalo Wamarekani Lombard na Roth walitafutia hati ya ubunifu mwaka 1953. Povu hilo hubonyea mara moja tu wala halirudi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008, uliojumlisha tafiti 61 za nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Amri ya 1941 ilimhusu askari aliye kazini tu. Jeshi la Marekani siku hizi humtaka askari wake avae kofia, glavu, viatu vya kufunika kifundo, miwani na nguo ndefu hata akiwa katika mapumziko yake.

Nchini Kenya sheria ya barabara, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, yamtaka mwendeshaji avae kofia na koti lenye kung'aa gizani, na abiria wake vilevile. Mwenye kununua kofia na aitazame ndani kabla ya kutazama rangi. Iliyokwisha kugonga barabara isinunuliwe wala isiazimwe, hata kama nje ni nzima, kwa kuwa povu lake limekwisha kutumika. Kisha aivae, afunge mkanda chini ya kidevu, ainamishe kichwa, na mwenzake aisukume kutoka nyuma kuelekea mbele. Ikivuka kichwa, ni kubwa mno, na nyingine itafutwe.