Desturi Si Damu

Mkonge uliletwa katika nchi hii na Daktari Richard Hindorf mwaka 1893. Mashamba yake yakaenea hata Morogoro, na kazi ikawataka watu wa mbali. Wakaja Wanyamwezi, wakaja Wangoni, wakaja na Wamakonde kutoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, ambao watu waliwaita Wamawia. Hao walichanjwa nyuso, na wanawake wao walivaa ndonya katika mdomo wa juu. Basi wenyeji wakanena kwamba ni watu wakali kwa asili, wala hawakuwa wamekaa nao.

Dharau hiyo ilidumu. Sisi tukaao Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, tulikuwa na mwanafunzi ambaye babu yake alikuja kukata mkonge. Wenzake walimwita Mmawia, wasikubali kula naye sahani moja. Nasi twakiri kwamba kosa lilikuwa letu pia. Tulikuwa tumefundisha desturi za makabila kwa kuandika ubaoni: kabila hili huku, kabila lile kule, na kila moja na tabia yake. Tulidhani twafundisha heshima. Kumbe tulijenga ua. Na mtoto akisadiki kuwa desturi ni kitu cha damu, yule asiye na ndugu wengi darasani ndiye aachwaye nje.

Tukaanza upya. Tukauliza, Waluguru ni nani? Jina lao maana yake watu wa milimani, wala si jina la babu mmoja. Koo zao, zifuatazo upande wa mama, zilipanda huko kutoka pande mbalimbali. Na mahindi wanayolima je? Hayakutoka Bara Hindi, ijapokuwa jina lasema hivyo, bali Amerika, kama muhogo.

Mvulana mmoja akabisha, "Lakini, Mwalimu, ule ulikuwa utani tu." Neno hili lataka kupimwa. Watani hutukanana, naam, lakini kila mmoja ana haki ya kujibu, na siku ya msiba mtani ndiye ajaye kusaidia maziko. Tukamwuliza ni lini mwenzake alipata kumjibu. Akanyamaza. Ndipo mjukuu wa mkata mkonge aliposimama mwenyewe, akaeleza jinsi mama wa babu yake alivyotobolewa mdomo akiwa kigoli, na kipindi kikaisha wenzake wangali wakimwuliza maswali.